Asali Usoni: Nayajibu Maswali Yenu

Wapendwa wangu, toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba asali inashika unyevu kwenye ngozi, basi maswali yamemiminika mpaka nikaamua ukurasa wote wa safari hii uwe wa asali. Nimeyachagua yale yanayojirudia zaidi, na mengine nimeyafupisha ila maana sijaigusa.

Habari dada. Nina miaka 24, chunusi zimeniachia madoa meusi mashavuni. Niliona mtandaoni mtu anachanganya asali na ndimu anapaka asubuhi na usiku, nami nikaanza, hii ni wiki ya tatu, uso unachoma na madoa naona kama ndo yanazidi kuwa meusi. Walisema inachoma kwasababu inavuta uchafu nje, je niendelee? – Mwenye Madoa

Mdogo wangu acha leo, tena usisubiri hiyo iliyobaki kwenye kopo iishe. Hakuna uchafu unaovutwa nje, ngozi ikichoma inakwambia imeumia, na ya kwako imekwambia kwa wiki tatu nzima.

Mwenye kosa hapo ni ndimu, asali haina shida. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake, yani kipimo cha asidi, inazunguka kwenye 5 hivi, asali nyingi ziko kati ya 3.5 na 4.5 na ngozi inalivumilia hilo kwa dakika chache bila shida, lakini ndimu iko karibu na 2, na hizi namba za pH haziendi kama za rula, ukishuka namba moja ukali unazidi mara 10, kwahiyo kutoka 4 kwenda 2 ni mara 100. Afu kuna jambo la pili ambalo wanaokufundisha kupaka ndimu hawalisemi, ndimu na limao zina kemikali zinaitwa furanokumarini, zikibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaungua, wengine wanatoka malengelenge kabisa, na pale palipoungua panabaki peusi kwa wiki nyingi au hata miezi. We ulikua unapaka asubuhi afu unatoka juani. Ndo maana madoa yamezidi.

Sasa kuhusu madoa yenyewe nikwambie ukweli usije ukapoteza mwaka mzima. Doa la chunusi ni rangi, yani ngozi ilipovimba ikatengeneza melanini kwa wingi, na ngozi nyeusi ndo inafanya hivyo kirahisi zaidi, kila ukiichokoza inaongeza. Asali haifuti melanini. Inachoweza kufanya ni kutuliza ngozi na kuipa unyevu isikwaruzike, ambalo ni jambo zuri, ila doa litaondoka kwa muda na kwa kukinga jua. Kwahiyo kwa sasa osha uso na sabuni laini isiyo na manukato, paka krimu ya kawaida ya kulainisha, mchana sanskrini, yani krimu ya kukinga jua, yenye SPF (namba ya nguvu ya kinga) 30 au zaidi na uirudie kila baada ya masaa mawili ukiwa juani. Uso ukishatulia kabisa na hauchomi tena, unaweza kumuuliza mfamasia au daktari wa ngozi kuhusu niasinamaidi au asidi ya azelaiki, hizo ni za kupaka na zina kazi inayojulikana kwenye madoa, na bado utahesabu miezi.

Na nakuomba sana, kwa hasira ya madoa usikimbilie mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha haraka haraka zimekutwa na zebaki ndani yake, na zebaki haiishii kwenye ngozi, inaingia mwilini na inaharibu figo. Uso wako ni mzuri na madoa yake, yatapungua taratibu.

Mambo vipi sister, mi ni mkaka wa miaka 19, chunusi zimenijaa usoni na mgongoni mpaka naona aibu kupiga picha. Asali inatibu chunusi kweli au ni stori? – Nimechoka

Kaka yangu, kwanza pole, najua chunusi zinavyoweza kumfanya mtu akwepe hata kioo, na ukiwa na miaka 19 watu wanadhani ni jambo dogo wakati kwako ni kubwa.

Ngoja nikueleze asali inafanyaje kazi ndo utaelewa jibu langu. Asali ni sukari kama asilimia 80, maji yako chini ya asilimia 20, na hiyo sukari inayavuta maji kwa nguvu sana kiasi kwamba bakteria akiingia humo anakaushwa. Juu ya hiyo kuna asidi niliyoitaja hapo juu. Afu kuna kimeng'enya ambacho nyuki mwenyewe anakitia, kinaitwa glukosi oksidezi, asali ikichanganyika na maji maji kidogo kinaanza kutengeneza haidrojeni peroksaidi taratibu, ile ile dawa ya kusafishia vidonda ila kwa kiasi kidogo mno. Kwahiyo wanaosema asali inaua bakteria hawadanganyi, kwenye maabara inawaua.

Tatizo ni kwamba chunusi sio bakteria tu. Chunusi inaanza ndani, mafuta yanazidi kwasababu ya homoni, seli zilizokufa zinaziba kitundu cha nywele, bakteria anashamiri humo chini, panavimba. Asali inakaa juu. Kuna utafiti ulifanyika New Zealand ukachapishwa mwaka 2016, watu 136 wenye chunusi, nusu wakapewa sabuni ya kuua bakteria peke yake, nusu wakapewa sabuni hiyo hiyo pamoja na asali ya maua ya kanuka, mti wa huko huko, iliyoandaliwa kitabibu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Mwisho wake hawakuona kwamba asali imeongeza faida ya maana juu ya sabuni. Na hiyo ilikua asali iliyosafishwa vizuri, watu wamefuata utaratibu, sio hii yetu ya kopo la jikoni.

Sisemi usipake. Kama unapenda, paka, inalainisha na watu wengi wanasema uso unatulia wekundu, ila usiifanye ndo tiba yako. Dawa ya kuanza nayo ni benzoili peroksaidi, anza na asilimia 2.5 usikimbilie 10, ipake kidogo usiku na ukumbuke inachujua rangi ya nguo na taulo, ipe kama wiki 8 kabla hujasema haifanyi kazi. Zile za mgongoni kama ni kubwa zina maumivu na zinaacha makovu, hapo usihangaike na mimi wala na asali, nenda kwa daktari wa ngozi mapema kwasababu kovu likishaingia kulitoa ni kazi kubwa kuliko kuzuia. Na usizikamue.

Dada asali yangu imeganda chini kama sukari, jirani anasema hiyo ni feki imechanganywa. Nimeweka kwenye glasi ya maji ikazama bila kuchanganyika, nikachovya njiti ya kiberiti ikawaka. Sasa nishike lipi? Na hii ya Manuka ndo bora kuliko zote? – Msomaji wa siku nyingi

Hapa nina mengi ya kusema maana watu wanatupa asali nzuri kila siku. Kuganda sio dalili ya ufeki. Asali ina sukari mbili kubwa, fruktosi na glukosi, na glukosi haipendi kukaa kwenye maji, ikizidi inajitenga inakua chembe chembe. Asali yenye glukosi nyingi inaganda ndani ya wiki chache, nyingine inakaa mwaka mzima bado inatiririka, inategemea nyuki walikula maua gani. Mara nyingi ile ambayo haijachemshwa na haijachujwa sana ndo inaganda haraka, kwasababu vipande vya chavua vilivyomo vinaipa glukosi pa kujishikizia.

Ukitaka irudi kuwa laini weka chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia bila kuushtua, yasizidi nyuzi 40, uiache taratibu. Usiichemshe na usiiweke kwenye maikrowevu, kile kimeng'enya nilichokieleza kwa kaka hapo juu hakipendi joto, ukikiua unabaki na sukari tamu tu. Hata mwanga wa jua unakidhoofisha kwahiyo itunze kabatini na mfuniko ukiwa umefungwa, asali inavuta unyevu wa hewani na ikishapata maji mengi inaanza kuchacha.

Vile vipimo vya maji na kiberiti achana navyo jamani. Shira nzito ya sukari nayo itazama kwenye glasi vile vile, na njiti kuwaka au kutowaka inategemea ililowa kiasi gani. Kuijua asali iliyochanganywa kwa uhakika ni kazi ya maabara, huku nyumbani unabaki na kumjua anayekuuzia, kumuuliza mizinga iko wapi na ilivunwa lini, na kusoma lebo kama ipo. Ikiwa na povu juu na harufu ya kuchacha usiipake usoni.

Manuka, asali ya maua ya mti wa New Zealand wenye jina hilo, ni kweli ina kitu cha peke yake. Asali nyingi zinategemea ile haidrojeni peroksaidi, Manuka ina methilglioksali, na mwaka 2008 ndo watafiti wa Dresden kule Ujerumani na wenzao wa New Zealand walionyesha kwamba hiyo ndo inayoipa nguvu ya kuua bakteria hata ukiondoa peroksaidi. Ndo maana namba za nguvu yake zinaandikwa kwenye kopo. Lakini kwa mtu anayetaka tu uso uwe laini sioni sababu ya kujiumiza mfuko, asali safi ya kawaida isiyochemshwa inakutosha kwasababu kushika unyevu ni kazi ya sukari na sukari iko kwenye asali zote.

Shikamoo. Mwanangu ana miezi saba ana ukurutu mashavuni, bibi yake anasema nimpake asali. Naogopa kumkatalia. – Mama Kichanga

Marahaba mwanangu. Katika hili kataa, kwa adabu lakini kataa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hatakiwi kupata asali mdomoni hata kidogo, na mtoto wa miezi saba mashavu na mdomo ni kitu kimoja, atajipangusa atalamba mikono. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, tumbo la mtu mzima linazishinda lakini utumbo wa mtoto mchanga bado, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anaanza kukosa choo, analia kwa sauti dhaifu, shingo inalegea, ananyonya kwa shida, na inaweza kufika hadi kushindwa kupumua. Kuipasha moto au kuichuja hakuziui hizo mbegu.

Mwambie bibi kwamba madaktari wote wanasema mpaka mwaka upite, hapo hajadharauliwa mtu. Kwa ukurutu wake mwogeshe kwa muda mfupi na maji ya vuguvugu, mkaushe kwa kumgusa gusa na taulo bila kusugua, afu hapo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta mazito yasiyo na manukato, hata vaselini ya kawaida inafaa, mara kadhaa kwa siku. Pakitoa maji au pakiwa na maganda ya njano mpeleke hospitali.

Ngozi yangu ni kavu sana inapauka. Nilipaka asali nikalala nayo, asubuhi mto umeshikana na nywele na uso bado mkavu. Wapi nakosea? – Mkavu

Unaiacha muda mrefu na hupaki kitu juu yake. Asali inavuta maji na kuyashika, ila haiyafungii. Ikikaa kwenye ngozi kavu, chumba nacho kina hewa kavu, yale maji yanaondoka na unabaki umekauka na kunata.

Fanya hivi, nawa uso na maji ya vuguvugu usijikaushe sana, uache ukiwa umelowa lowa, chukua asali kijiko kimoja cha chai, isugue viganjani na matone machache ya maji mpaka isambae vizuri, paka usoni uepuke macho, kaa nayo dakika 15 au 20, osha na maji ya vuguvugu bila sabuni, halafu ndani ya dakika chache kabla ngozi haijakauka paka krimu au mafuta yako. Hiyo krimu ya mwisho ndo watu wanaisahau na ndo inayofunga mlango. Mara mbili kwa wiki inatosha. Na kabla ya yote, wewe na wengine wote mnaosoma hapa, pakeni kidogo ndani ya kiwiko, osheni baada ya nusu saa na mpaangalie siku mbili, hasa wenye aleji ya chavua au vitu vya nyuki kama nta na propolisi (gundi ya nyuki), asali ina mabaki yake. Pakiwasha au pakitoka vipele basi hiyo sio yako.

Je asali inasaidia mba? Kichwa kinawasha na magamba yanashuka mpaka kwenye nyusi. – Msomaji

Hapa nina habari nzuri kidogo. Mwaka 2001 kuna utafiti mdogo ulichapishwa wa watu 30 wenye mba sugu wa kichwani, usoni na kifuani, walipaka asali mbichi iliyozimuliwa na maji ya vuguvugu, asali 9 kwa maji 1, wakisugua taratibu dakika mbili tatu na kuiacha masaa matatu kabla ya kuosha, siku moja wanapaka siku moja wanapumzika, kwa wiki nne. Kuwasha kulipungua ndani ya wiki ya kwanza na magamba yakaisha. Wale walioendelea kupaka mara moja kwa wiki kwa miezi sita haikuwarudia, walioacha wengi ilirudi. Watu 30 ni wachache na hiyo masaa matatu ni uvumilivu wa kweli, lakini kwakua haina gharama kubwa unaweza kujaribu. Kama huna huo muda shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi, inajulikana kufanya kazi na ni dakika tano tu.

Baba yangu ana kisukari, kapata kidonda kwenye kidole cha mguu, wiki ya pili hakiponi. Nimesikia hospitali nyingine wanatumia asali, nimpake hii ya nyumbani? – Binti Baba

Usimpake, mpeleke akaonwe, na ikiwezekana iwe leo. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kinaweza kuoza ndani huku juu kinaonekana kidogo na yeye hasikii maumivu kwasababu mishipa ya fahamu imeshaathirika, hivyo ndivyo watu wanavyopoteza miguu. Wiki mbili tayari ni nyingi.

Ulichosikia ni kweli lakini sio asali hii. Asali ya kwenye vidonda inapitishwa kwenye mionzi ya gama ili zile mbegu za bakteria zife bila kuharibu kimeng'enya, inawekwa kwenye bandeji maalum, Marekani waliruhusu ya aina hiyo mwaka 2007. Hata hiyo ushahidi wake mzuri uko zaidi kwenye majeraha ya moto yasiyo na kina, mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta yanapona kama siku nne au tano mapema kuliko kwa bandeji za kawaida. Kwa vidonda vya miguu ya kisukari ushahidi wake ulikua dhaifu, hautoshi kusema asali inasaidia. Na kwakua nimetaja moto, mtu akiungua usianze na asali, anza na maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20.

Tafadhali niandikie baba anaendeleaje.

Skrabu ya asali na sukari usoni ni sawa? Na midomo? – Wawili walioniuliza kwa pamoja

Usoni hapana, chembe za sukari zina kona kali zinachubua, na mwenye chunusi ndo kabisa. Kwenye viwiko, magoti na visigino sawa, taratibu, mara moja kwa wiki. Midomo paka asali tupu dakika kumi, ipanguse na kitambaa kilicholowa, paka vaselini. Ikiwa imepasuka pembeni kwenye kona na haiponi inaweza kuwa fangasi au upungufu wa madini ya chuma au vitamini B, hapo muone daktari akupime.